Kumngoja Baba

Kutoka nyumbani kwetu, hapa Katuba, hadi mlango wa kanisa, mimi hutembea dakika nane. Nikiwa na Baba, safari hiyohiyo huchukua dakika arobaini siku njema, na siku mbaya hatufiki. Kwa hiyo kila Jumapili huamka saa kumi alfajiri, nampa kidonge chake cha kwanza kwa maji matupu, kisha tunakaa gizani tukingoja mwili wake ukubali kuamka. Wengi wenu mmetuona tukiingia wakati Padri amekwisha kuanza mahubiri, mkatusogezea nafasi kwenye benchi la nyuma, wala hamkuuliza neno. Vijana wapendwa, leo nataka kuwaeleza kile mlichokuwa mkikiona.

Baba alizaliwa Kamina mwaka 1954. Alikuja Lubumbashi akiwa kijana, akapata kazi Gécamines, katika karakana, akawa turnie, yaani fundi wa kukereza chuma. Wazee wetu walizoea kusema kwamba kampuni ile ni baba na ni mama, maana mfanyakazi alipata kwake mshahara, unga, nyumba, shule ya watoto na hospitali. Kazi ya Baba ilikuwa kuchukua kipande cha chuma na kukipunguza polepole hadi kifikie kipimo, na kipimo chenyewe kilihesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Nilipokuwa mtoto alinipa nishike chombo chake cha kupimia, akacheka kuona jinsi nilivyokikaza kwa nguvu zangu zote. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliowahusu maelfu ya wafanyakazi, naye aliacha kazi. Baada ya hapo aliishi kwa kutengeneza mashine za kusagia mahindi, na jumuiya yetu hai ya msingi ikamchagua kuwa mwandishi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kama wake.

Ugonjwa ulianzia katika daftari hilo la jumuiya. Ninalo hapa mezani ninapoandika. Katika kurasa za mwanzo wa mwaka 2016 herufi zake zimesimama sawasawa, kama watu walio kwenye mstari wa Komunyo. Katikati ya mwaka zinaanza vizuri upande wa kushoto wa ukurasa, kisha zinapungua, zinapungua, hata mwisho wa mstari zimekuwa kama chungu wanaotembea. Mama mwenyekiti alimtania kwamba anabana wino. Sisi sote tulicheka. Baadaye tuliona kwamba mkono wake wa kushoto haupungi tena anapotembea. Watoto wa jirani wakaanza kumwogopa, wakidhani amekasirika, kwa kuwa uso wake ulikuwa umeacha kutabasamu. Siku moja sombe iliungua jikoni, moshi ukajaa nyumba, naye alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye jiko bila kusikia harufu yoyote. Mama akasema ni uzee. Baba alikuwa na miaka sitini na miwili.

Mwezi wa sita wa mwaka huohuo alifariki Muhammad Ali. Habari ilipotangazwa redioni Baba alitoka nje, akakaa chini ya mwembe, akatusimulia tena usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974: jinsi alivyokesha na vijana wenzake, jinsi pambano lilivyoanza Kinshasa saa kumi za usiku, ambazo kwetu Lubumbashi ni saa kumi na moja alfajiri, na jinsi George Foreman, aliyeaminiwa na karibu watu wote kwamba atashinda, alivyoanguka katika raundi ya nane. Alisimulia kwa ngumi, kama kawaida yake. Lakini ngumi ya kulia peke yake ndiyo iliyopanda. Ya kushoto ilibaki imelala juu ya goti. Redio ilikuwa ikieleza kwamba bondia yule aliishi na ugonjwa wa Parkinson zaidi ya miaka thelathini, na kwamba mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta kwa mkono unaotetemeka mbele ya ulimwengu mzima. Tulisikiliza tukasikitika kwa ajili ya Ali. Hakuna aliyeutazama mkono wa Baba.

Ilitupasa kungoja miaka miwili zaidi ili tupate jina. Madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu ni wachache katika nchi yetu, na yule tuliyempata tulimngoja kwa miezi. Nilidhani atamwingiza Baba katika mashine fulani. Hakufanya hivyo. Alimwambia agonganishe kidole cha shahada na kidole gumba haraka haraka, atembee hadi mwisho wa ukumbi na kurudi, kisha aandike sentensi moja. Akauchukua mkono wa kushoto na kuukunja polepole kwenye kiwiko, akanipa na mimi niukunje. Ulikuwa ukikwamakwama, kama gurudumu lenye meno. Daktari akatueleza kwamba hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha ugonjwa huu. Hutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari, karibu vilevile alivyoutambua James Parkinson wa London, aliyeandika habari zake mwaka 1817 baada ya kuwachunguza watu sita tu, baadhi yao akiwa amewaona wakipita barabarani.

Alituchorea ubongo kwenye karatasi. Ndani kabisa, akasema, mna chembe zinazotengeneza dutu iitwayo dopamini, ambayo kwayo ubongo huuamuru mwili uende, na uende kwa wepesi. Chembe hizo zinakufa, na kwa nini zinakufa hakuna ajuaye kwa hakika katika wagonjwa walio wengi. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa yake imekwisha kwenda. Kuna dawa, levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwamo katika orodha na kuwamo katika duka la dawa la mtaani kwenu ni mambo mawili. Dada yangu anayeishi Kasumbalesa ndiye aliyetutafutia vidonge kwa miezi mingi, na kila sanduku lilikula karibu nusu ya mshahara wangu wa ualimu. Kisha daktari akasema neno ambalo sikulielewa siku ile: dawa hii haitengenezi kilichoharibika, inakukopesha tu.

(Msishangae mtu akiwaambia kwamba dawa hiyo imo pia katika mbegu za upupu, ule mmea wa kutambaa ambao manyoya ya maganda yake huwasha ngozi. Ni kweli, na Wahindi wanaitumia mbegu hiyo tangu zamani. Baba mdogo alituletea kikombe kizima kutoka kijijini. Lakini mbegu haina kipimo kilichoandikwa juu yake, na Baba, aliyeishi kwa vipimo, alikataa kuionja.)

Mkopo ule ulitupa miaka miwili mizuri. Baba alirudi kuimba besi kwaya, akaandika tena mihutasari ya jumuiya, akatengeneza hata kinu cha jirani. Baadaye deni likaanza kudaiwa. Kidonge kilichotosha kwa saa sita kikawa kinatosha kwa saa nne, kisha kwa saa tatu, na kilipokwisha Baba alizimika palepale alipo, kama taa za mtaani kwetu umeme unapokatika: kijiko kimesimama njiani kati ya sahani na mdomo. Tulijifunza kwamba akimeza dawa pamoja na maharagwe au samaki, dawa hukosa njia ya kupita. Basi tukaanza kumpa kidonge kwanza, na bukari na kitoweo baada ya nusu saa au zaidi. Na dawa ilipokuwa na nguvu zaidi mwilini lilizuka jambo jingine: mikono na mabega yake yakaanza kucheza yenyewe, kichwa kikijipinda huku na huku, kama mtu anayevutwa na kamba zisizoonekana. Daktari alikuwa ametuonya. Ni dawa inayofanya hivyo, wala si mgonjwa. Lakini jamaa zetu hawakuwa wamekaa pamoja nasi mbele ya daktari.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Shangazi yetu alifika siku moja akamkuta Baba katika hali hiyo ya kujipindapinda. Alilia, kisha akasema mbele ya watu wote waliokuwamo kwamba hilo si gonjwa la hospitali, kwamba ndugu yake analiwa, na kwamba anayemla anakaa katika nyumba hiihii. Alikuwa akimtazama kambo, mama yake Mama, ambaye tuliishi naye tangu alipofiwa na mumewe. Kambo alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua. Mama alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyemsindikiza Baba hospitalini, ndimi niliyelijua jina la ugonjwa, ndimi mwalimu. Nami nilinyamaza.

Wiki ile ile shangazi alitaka tumpeleke Baba katika nyumba moja ya maombi, nje ya mji, kwa siku tatu za kufunga bila chakula wala maji. Sharti lilikuwa vidonge vibaki nyumbani, kwa sababu imani na vidonge, tuliambiwa, havikai katika kinywa kimoja. Nilijua kwamba dawa ile haiachwi ghafla. Daktari alikuwa amelisema wazi, na nilikuwa nimeliandika. Kwa nini basi sikusimama mlangoni? Nimejiuliza mara nyingi. Sehemu moja ni heshima: mtoto hambishii shangazi wa ukoo mbele ya wakubwa. Sehemu nyingine ni kwamba nilitamani muujiza, tena muujiza wa haraka, wa siku tatu, ili niamke siku ya nne nimrudishiwe baba yangu wa zamani. Lakini sehemu iliyo kubwa nitaisema hapa kwa kuwa nimekwisha kuisema mbele ya Padri: nilikuwa nimechoka, na nilitaka usiku tatu za kulala.

Nililala usiku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu walituita. Baba alikuwa mgumu kama ubao, mwili unawaka homa, macho wazi, hawezi kumeza hata mate. Tulimbeba hospitalini tukiwa tumemlaza kwenye kiti cha nyuma cha teksi, na miguu yake haikukunjika, hivyo mlango mmoja ulibaki wazi njia nzima nami nikaushikilia. Madaktari walimrudishia dawa kwa mpira uliopitishwa puani. Walituambia kwamba kukatishwa ghafla kwa dawa kunaweza kuua, na kwamba tulibakiza saa chache. Alikaa siku kumi na moja. Alirudi nyumbani hai, lakini sehemu fulani ya kutembea kwake na ya sauti yake haikurudi pamoja naye.

Tuliporudi, kambo hakuwapo. Alikuwa amefunga nguo zake katika kitenge na kwenda kwa mjomba, Likasi. Nilimfuata nikamwomba msamaha, akanipa, akanipikia na chai. Lakini kushtakiwa alishtakiwa mbele ya watu, na msamaha niliuomba chumbani. Mwaka uliofuata alifariki kulekule. Miongoni mwa waliolisikia neno lile siku ile, wako ambao hata leo wanaliamini. Kwa hiyo nikiwaambia vijana kwamba jina la kweli la ugonjwa ni kitu cha thamani, msidhani nazungumza kama mwalimu anayependa elimu. Jina hilo lingeweza kumlinda mwanamke mzee, nami nilikuwa nalo mdomoni.

Tangu hapo kumwogesha Baba kukawa kazi yangu. Mgongo wa Mama haumwezi, dada yuko mbali, na ndugu zangu wawili wanafanya kazi Kolwezi. Kwetu mtoto wa kiume hauoni uchi wa baba yake. Nanyi mnaijua habari ya Noa na wanawe, jinsi wawili walivyoshika vazi na kwenda kinyumenyume ili wamfunike bila kumtazama. Siku ya kwanza nilijaribu kufanya kama wao. Nilimmwagia maji nimegeuza uso ukutani, nikamkosa, maji yakaenda sakafuni, sabuni ikanitoka, Baba akakaribia kuteleza. Nilimdaka kifuani. Tulikaa hivyo, nimemkumbatia, sote tumelowa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikasikia kifua chake kikitikisika, si kwa ugonjwa, bali kwa kicheko. Alicheka bila uso. Akasema, kwa sauti ile ambayo sasa ni ndogo kama mwandiko wake, kwamba hata yeye aliniogesha, na hakugeukia ukuta.

Ningependa kuandika kwamba kuanzia siku hiyo nilikuwa mtoto mwema. Sivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mwuguzi hodari, jambo ambalo ni tofauti. Niligundua kwamba kazi zote za asubuhi, nikizifanya mimi, zinakwisha kwa nusu saa: kuogesha, kumvalisha, kumlisha, kumwekea viatu. Nilijipangia kama ratiba ya darasa. Baba alipotaka kusema neno nililimalizia, na aliponyosha mkono kuchukua kikombe nilikwisha kukiinua. Majirani walinisifu. Asubuhi moja nilimwachia shati ili nikafunge begi langu la shule. Niliporudi vidole vyake bado vilikuwa vikihangaika kifuani. Nilikuwa nimechelewa. Nikaiondoa mikono yake, nikafunga vifungo vyote saba kwa mfululizo, nikanyoosha kola. Nilipoinua macho nikaona machozi yakishuka katika uso ule usiosogea.

Nilimwuliza kama nimemwumiza. Alichukua muda mrefu kunijibu.

"Nilikuwa nimefika cha tatu," alisema.

Nilikwenda shuleni nikafundisha sehemu na desimali, na siku nzima sikuliondoa neno lile kichwani. Vifungo vitatu. Kwa fundi aliyekuwa akipunguza chuma kwa sehemu za mia za milimita, vifungo vitatu ilikuwa kazi ya siku, kazi iliyofanywa vizuri, nami nilikuwa nimempokonya bila hata kuiona. Nilidhani ugonjwa ndio unaomnyang'anya kila kitu. Kumbe vingine nilivichukua mimi, kwa haraka yangu, nikaviita huduma. Na nilipofikiri zaidi nikaona kwamba ile nyumba ya maombi na hii asubuhi ya vifungo zimezaliwa na mama mmoja. Pale nilitaka apone kwa siku tatu, hapa nilitaka avae kwa dakika tatu, na mara zote mbili sikumngoja yeye.

Basi tulianza upya. Nilimwomba mkuu wa shule anisogezee saa ya kwanza, akakubali kwa siku tatu za juma. Kwa siku zilizobaki nililazimika kuwaandikia ndugu zangu wa Kolwezi barua ya kweli, badala ya zile za kusema kwamba tunaendelea vizuri. Wazo hilo silo langu. Nilikwenda kuungama kwamba usiku fulani nilitamani yote yaishe, hata kama kuisha kwenyewe ni kufa kwa Baba. Nikangojea karipio, na Padri akaniuliza ninalala saa ngapi. Malipizi yangu yalikuwa kuwaandikia ndugu zangu. Kaka mkubwa sasa huja juma moja kila baada ya miezi miwili, na ameoga naye maji ya Baba zaidi ya mara moja.

Mtaalamu wa viungo alitufundisha jambo ambalo mwalimu wa hesabu hawezi kulisahau. Wagonjwa wengi wa Parkinson hukwama mlangoni. Miguu hushikwa na sakafu kana kwamba imepigwa misumari, na ukimvuta mtu aliyekwama hivyo, kifua kinatangulia na miguu inabaki, anaanguka. Lakini mtu huyohuyo aweza kuvuka mstari. Ubongo ulioshindwa kuamuru hatua ya kawaida bado una njia nyingine ya kuamuru hatua ya kuruka kitu kinachoonekana. Nilileta chaki kutoka shuleni nikachora mistari meupe juu ya saruji, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi chooni, kwa umbali wa hatua moja moja. Baba aliitazama, akainama kidogo, akasema kwamba wa nne umepinda. Ulikuwa umepinda. Niliufuta nikauchora tena, naye akatembea.

Muziki nao hufungua miguu. Kamina alikozaliwa ndipo Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alipoikuza kwaya iliyoimba Missa Luba kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Baba alikuwa bado mtoto mdogo, lakini alikua akiwasikia wakubwa wakiiimba, na ile Hosana yenye ngoma ameibeba mwilini maisha yake yote. Akikwama njiani siku hizi, simvuti. Nasimama kando yake nikiipiga Hosana kwa viganja, taratibu, pajani mwangu. Wakati mwingine yapita dakika mbili, wakati mwingine tano. Kisha mguu wa kulia unanyanyuka.

Katika sebule yetu imetundikwa picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Baba alikuwa katika umati uliomlaki Lubumbashi tarehe 16 Agosti 1985, siku moja baada ya Papa kumtangaza Anuarite kuwa mwenye heri kule Kinshasa. Alipenda kusimulia jinsi Papa yule alivyokuwa na nguvu, jinsi alivyokwenda kwa hatua ndefu hata wasaidizi wake wakahangaika kumfuata. Miaka ishirini baadaye, Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2005, tulitazama runingani kwa jirani jinsi mtu yuleyule alivyosogezwa dirishani, ugonjwa huuhuu wa Parkinson ukiwa umemfunga mwili, akaletewa kipaza sauti, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Alifariki siku sita baadaye, tarehe 2 Aprili. Nakumbuka kwamba watu wazima waliokuwamo chumbani walinung'unika: kwa nini hawamfichi mzee wa watu? Nilikuwa mtoto nikaona wana haki. Baba pia, nadhani, aliona wana haki.

Neno hilo lilirudi kwetu kwa mlango wa nyuma. Mwaka jana Padri, kwa wema, alituambia kwamba mhudumu aweza kumletea Baba Komunyo nyumbani kila Jumapili. Nilikubali upesi, na upesi huo haukutokana na huruma peke yake. Mate yalikuwa yamekwisha kuanza kumtoka, na Jumapili moja Hostia ilikaribia kumwanguka mkononi, nikaona namna watu walivyogeuza macho. Nilitaka kumfunika, kama wale wana wa Noa. Baba alisikiliza maelezo yangu yote hadi mwisho, kisha akasema:

"Mimi si mgonjwa wa kuletewa. Mimi ni mtu wa kuchelewa."

Petro naye aliambiwa kwamba atakapokuwa mzee, mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Petro kuhusu maneno hayo, na karibu hakuna hata moja juu ya yule mwingine, anayefunga mshipi. Ningependa siku moja Padri atuhubirie juu yake.

Jumapili iliyopita Baba alifunga vifungo vyote saba. Kengele ya pili ililia akiwa kwenye cha tano. Nilikaa kitini mbele yake, na Mama akakaa kando yangu, kwa kuwa hakukuwa na jambo lingine la kufanya. Njiani alikwama mara tatu. Tulipofika kanisani, alikwama mara ya nne, palepale kizingitini, na ndani mstari wa Komunyo ulikuwa tayari unakwenda mbele. Mvulana mmoja wa Kiro aliyesimama mlangoni kwa zamu alitutazama. Sijui nani alimfundisha. Huenda alituona siku nyingine. Alikuja akaweka mguu wake mbele ya mguu wa Baba, kiatu kikiwa kimelala upande kama mstari wa chaki, akangoja. Baba alikiangalia kiatu. Nikaanza kupiga pajani. Akauvuka ule mguu, mvulana akarudi nyuma hatua moja, akauweka tena.

Tulikuwa wa mwisho katika mstari. Padri alibaki amesimama peke yake mbele ya altare, ameshika siborio, kwaya imemaliza wimbo na haikuanza mwingine. Baada ya kupokea, Baba alikaa kwenye benchi la mbele, kwa kuwa la nyuma lilikuwa mbali mno, akavuta pumzi, kisha akaniinamia sikioni akaniuliza kama tumewahi.

Nikamwambia tumewahi.